Nani Kasema Mwandishi Asishike Spana?

Nimeisoma makala ya mwenzetu mmoja wa Dar es Salaam katika toleo lililopita. Nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani anatania. Anasema kijana anayetaka kuwa mwandishi hana budi kuchagua: ama ashike kalamu, ama akabangaize gereji. Mikono yenye oili, anasema, haiandiki sentensi safi. Halafu anaongeza kwa huruma kwamba sisi vijana wa mikoani tunamaliza usiku kufufua pikipiki mbovu badala ya kusoma, na hali pikipiki mpya zimejaa madukani na zinatolewa kwa mkataba.

Hapo pa mkataba ndipo aliponichokoza kweli. Nitapafikia.

Mimi ni kijana wa Mpanda, naishi Makanyagio. Nimemaliza kidato cha nne, riwaya yangu ya kwanza iko kwenye daftari la tatu, na nina Honda XL 125 iliyonizidi umri. Niliinunua kwa shilingi 350,000 kwa mzee mmoja wa Kawajense, ikiwa imefungwa kamba za katani na kuku wanatagia chini yake. Ilikuwa ya mradi. Mradi ukaisha, wenye mradi wakaondoka, pikipiki ikabaki. Nchi hii ina pikipiki nyingi za namna hiyo. Waulizeni baba zenu: bwana shamba alikuja na XL, padri alikuja na XL, bwana afya naye alikuja na Yamaha iliyokuwa ikitoa moshi mpaka watoto wakaipa jina.

Mwenzetu anaita kitu hicho chuma chakavu. Hebu nimweleze.

Huko Uingereza na Hispania kuna mchezo wa pikipiki usio wa mbio, unaitwa trayo. Mchezaji anapita juu ya mawe, magogo na tope, na mwamuzi kazi yake ni kuhesabu mguu umegusa chini mara ngapi. Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda shindano la siku sita la Scotland kwa Bultaco ya Hispania, nyepesi, akawaacha wenye mapikipiki mazito ya Kiingereza wameduwaa. Mwaka 1973 Honda nao wakatoa TL 125 kwa ajili ya mchezo huo huo, injini yake ya ukoo mmoja na hii XL yangu. Basi sisi wa Katavi mchezo huo tunaucheza kila masika na hakuna anayetupa kikombe. Lami ya Tabora imekuja, sikatai. Lakini shuka wewe kwenda Karema, zaidi ya kilometa 100 mpaka Ziwa Tanganyika. Nenda Mwese kwa mgonjwa. Pita Mishamo mwezi wa pili. Utajua kwa nini gurudumu la mbele la XL ni la inchi 21, refu na jembamba, na kwa nini ekzosi yake imepitishwa juu. Jamaa wa pikipiki za barabarani wanafika mtoni wanavua viatu, wanatafuta watu wa kubeba.

Wakati nainunua ilikuwa haiwaki, na kuiwasha haikuwa kazi ya siku moja. Tangi lilikuwa na kutu ndani; tukatia kokoto ndogo na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu mpaka ikatoka rangi ya chai. Kabureta ilikuwa imeziba. Hapa nawaomba vijana mnisikilize: jeti haichokonolewi kwa waya. Shaba ni laini, tundu likipanuka kidogo tu pikipiki inakunywa petroli kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Pulizia hewa. Fundi aliyenifundisha, mzee wa watu ambaye hapendi kutajwa, anatumia unyoya mmoja wa brashi, na akimaliza anainua jeti juani na kuichungulia kama mtu anayetafuta nyota.

Silinda ilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha. Ilibidi ikachongwe, ikapanda treni kwenda Tabora ndani ya mfuko wa salfeti. (Reli yetu hii ya kutoka Kaliua Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi, ule wa Uruwira. Mgodi ulikufa, reli ikatubeba sisi na mahindi yetu. Sasa nani atasema kilichoachwa hakina kazi?) Pistoni za kuzidisha zinapanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00. Ukivuka hapo ukuta umekwisha, unatia slivu mpya. Kwa hiyo kila ukichonga unakula akiba, na fundi mwizi atakurukisha hatua moja kwa makusudi ili auze pistoni aliyo nayo. Kama hujui hesabu hiyo unaibiwa huku unasema asante.

Sasa kuhusu oili, ambako ndiko ugomvi wangu na mwenzetu ulipo hasa. Injini ya XL kamu yake iko juu kichwani na inazungushwa na cheni ndani ya injini. Oili yote ni kama lita moja, haizidi chupa mbili za bia. Ikiwa chafu au ikipungua, kichwa ndicho kinaumia kwanza. Kichujio chake cha ndani si cha karatasi: ni kikombe kinachozunguka, kinatupa taka pembeni zinaganda kama udongo wa mfinyanzi, na mtu lazima akifungue akikwangue. Pikipiki hii inamtaka mwenyewe aijue.

Honda waliona watu hawaijui. Miaka ya 1970 wahandisi wao walikwenda nchi za Asia kuangalia kwa nini injini za namna hiyo zinakufa, wakakuta wenye pikipiki wanapakia kupita kiasi na oili hawabadilishi, wanaongeza tu. Wakaunda CG 125, ikatoka mwaka 1976: kamu wameishusha chini, vali zinasukumwa kwa vijiti, cheni ya ndani hakuna. Ni ufundi mkubwa, navua kofia. Wachina wakaiiga, na nyingi ya pikipiki za bei nafuu zilizojaa kwenye vijiwe vyetu ni wajukuu wa injini hiyo. Lakini angalieni wazo lililo ndani yake, ndugu zangu. Ni injini iliyoundwa kwa ajili ya mtu anayedhaniwa hatajali. Na sisi tumeipokea hiyo dhana pamoja na injini! Leo ukimwambia kijana wa kijiweni abadilishe oili anakuambia, "Hii haifi." Inakufa. Inachelewa tu kufa, na kabla haijafa breki zimekwisha, spoku zimelegea, cheni inaning'inia kama mkufu, na nyuma amekaa mama mwenye mtoto mgongoni.

Basi tuje kwenye mkataba. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, vijana wenzangu wamejipatia riziki, na Mpanda hii tangu iwe makao ya Mkoa wa Katavi mwaka 2012 watu wameongezeka na safari zimeongezeka. Hilo silibezi. Ninachobeza ni kuambiwa kwamba mkataba ni njia ya mjanja na spana ni njia ya mjinga. Chukua kalamu. Hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma, majuma 52: ni shilingi 3,120,000. Mikataba mingine inavuka mwaka. Petroli ni yako, oili ni yako, pancha ni yako, trafiki ni wako. Halafu nenda dukani ukaulize bei ya taslimu, utoe mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja alilipa miezi kumi. Mwezi wa kumi na moja akapigwa na malaria, wiki mbili kitandani, hesabu haikwenda. Mwenye pikipiki akatuma watu wawili na ufunguo wa akiba. Hakurudishiwa senti. Karatasi waliyoandikiana ilikuwa ukurasa mmoja, na neno kuugua halimo. Jamaa sasa anabeba magunia stesheni, na akiiona ile pikipiki ikipita mjini na kijana mwingine juu yake anageuza uso. Mwenzetu wa Dar, wewe unayejua kuandika sentensi safi, ungefanya la maana kutuandikia mkataba wenye neno hilo ndani.

Mimi XL yangu ilinila fedha, sifichi. Ukijumlisha bei, kuchonga, pistoni na ringi, tairi mbili, beringi za magurudumu na kebo, ilifika kama 900,000, na ilichukua miezi minane kwa sababu nilikuwa nanunua kitu kimoja kimoja. Spea ni taabu. Kuna kifaa tulikitafuta miezi miwili, mwisho fundi akakikereza mwenyewe kwa tupa kutoka kwenye bawaba ya mlango. Lakini hakuna mtu wa kuja usiku na ufunguo wa akiba. Na nikiwa njiani Sibwesa ikazima, najua nianzie wapi: petroli ipo? Cheche ipo? Plagi ni nyeusi au nyeupe? Kama cheche ni hafifu nafungua kifuniko cha pembeni, napangusa zile pointi mbili zinazogusana, napitisha msasa laini, nafunga, napiga kiki.

Nimalizie na mikono yenye oili na sentensi safi, kwa kuwa gazeti letu ni la fasihi.

Shuleni tulikariri mizunguko minne ya injini kwa Kiingereza. Nilipata alama nzuri, na injini nilikuwa sijaielewa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili mpaka juu, lakini mtoto wa kidato cha kwanza bado anaingia darasani anafundishwa kwa Kiingereza. Gerejini yule mzee, ambaye shule aliishia darasa la nne, aliweka kidole kwenye tundu la plagi, akaniambia nipige kiki taratibu, akasema: inavuta, inabana, inalipua, inatema. Maneno manne. Niambieni nyinyi wenye vyeti, kuna sentensi safi kuliko hiyo?

Na yapo mengine. Injini inamisi. Inakohoa. Inakula oili. Inakata moto ikipanda mlima. Vali zinalia. Kompresheni imekufa. Haya mwenzetu atasema si sanifu, ni ya mtaani. Sawa, atuletee ya kwake! Mengi kati ya haya siyaoni katika kamusi niliyo nayo, na watu wanayatumia kila siku kuanzia Nsemulwa mpaka Inyonga. Wazee waliyotunga wanazeeka. Wakiondoka kabla hatujayaandika, watoto wetu watatengeneza pikipiki kwa kuonyesha kidole.

Tena angalieni hadithi tunazoleteana hapa. Nimesoma miswada ya wenzangu kama kumi. Katika kila mmoja shujaa "aliwasha injini akaondoka kwa kasi". Kila mara inawaka! Hakuna hata moja iliyokataa kuwaka. Hakuna shujaa aliyeishiwa petroli, aliyechomwa na ekzosi, aliyekopa tyubu. Tunaandika kuhusu nchi ambayo kila kitu kimefufuliwa mara tatu, na katika vitabu vyetu hakuna kinachoharibika. Halafu tunalalamika kwamba watu hawasomi.

Kama ushahidi lazima utoke ng'ambo ndipo mkubali, upo. Mmarekani Robert Pirsig alisafiri kwa Honda mwaka 1968 na mwanawe kutoka Minnesota mpaka California, akaandika kitabu ambacho utunzaji wa pikipiki ndio uti wa mgongo wake. Wachapishaji 121 walikikataa. Kilitoka mwaka 1974 na kikauzwa mamilioni. Yeye alikuwa na gereji na vitabu vya kutosha. Sisi tuna mzee mmoja na unyoya wa brashi, lakini mada ni ile ile, na hapa kwetu haijaguswa. Sura ya tano ya riwaya yangu yote inatokea njiani, pikipiki imezima usiku karibu na Sitalike, viboko wanasikika mtoni, na wahusika wawili wanagombana kama ni petroli au ni cheche. Mwenzetu wa Dar akitaka kuisoma nitamtumia nakala. Ina alama za vidole.

Kwa wasomaji wa Tabora, Kigoma na Mwanza: natafuta ringi za XL 125, saizi ya kuzidisha 0.50, na lile bomba la mpira linalounga kabureta na injini, langu limeanza kupasuka nimelizungushia mpira wa baiskeli. Mwenye kujua duka aandike kupitia kwa Mhariri. Nitalipa nauli ya kifurushi.