Jetoni Si Hifadhi

Siku chache kabla mji wa Goma, Kongo, haujaangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, nilimkuta mama mmoja ameketi juu ya godoro lililokunjwa, hatua chache upande wetu, wa Rwanda, wa kivuko cha mpaka cha Petite Barrière. Mtoto mgongoni, wa pili kaegemea sufuria, kasinzia. Nikamuuliza kama ameomba hifadhi. Akafungua fundo la kitenge, akatoa jetoni, karatasi ya kuvukia mpaka, na kuishika kwa vidole viwili, kama mtu anayechelea isichanike.

"Si hii hapa, kaka?"

Hapana, dada. Siyo hiyo.

Jetoni inasema umekuja kuuza nyanya na jioni utarudi mtaani Birere, Goma. Haijui kwamba kule Sake, jirani na Goma, kuna mizinga. Mwenye jetoni ni mgeni wa siku moja, na siku ikiisha amekuwa mkosaji. Aliyeomba hifadhi harudishwi mpaka asikilizwe. Tofauti yao ni maneno mawili, "naomba hifadhi", na yule mama hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba maneno hayo yana nguvu kuliko muhuri.

Wenyeji wa mpaka huu tumezoeana mno, ndiyo shida. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, watu wa Goma walivuka, wakalala kwetu, wakarudi. Kuvuka, kulala, kurudi: imekuwa desturi. Leo mtu anakimbia risasi na bado anajiona amekuja kusalimia shangazi kwetu Mbugangari. Anakaa mwezi, anakaa miezi sita, hajulikani popote. Siku akikamatwa hana karatasi ndipo anagundua kwamba ujirani hauna kifungu cha sheria.

Sheria yenyewe tunayo, tena mpya. Hapo ndipo damu inaponichemka. Novemba 15, 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Rwanda si salama kupelekewa waomba hifadhi, kwa kuwa utaratibu wetu wa kusikiliza maombi ulikuwa mbovu kiasi kwamba mtu angeweza kurudishwa kule kule alikokimbia. Majaji walioneshwa takwimu za 2020 hadi 2022: waombaji kutoka Syria, Yemen na Afghanistan walikataliwa wote. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ya Rwanda ilikuwepo katika maandishi, lakini ilikuwa haijajaribiwa. Aibu ilipotangazwa London, Kigali ikakurupuka. Kufikia Aprili 2024 tulikuwa na sheria mpya ya wakimbizi, pamoja na chombo kipya cha kusikiliza rufaa. Julai serikali mpya ya Uingereza ikautupa mpango mzima wa kutuletea waomba hifadhi. Tayari walikuwa wametulipa pauni milioni 290, na hakuna hata mtu mmoja aliyeletwa kwa nguvu.

Kwa hiyo tulifua, tukapiga pasi, tukatandika kitanda kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Wakongo waliokuwa wamekwisha kufika, wakanyeshewa mlangoni, hakuna aliyewaita ndani wakakione.

Kisha tazama lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Gazeti la Serikali linachapa sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ndiyo, Wakongo wengi walioko kambi za Kiziba na Mahama wanazungumza Kinyarwanda. Lakini Mnande wa Butembo je? Mshi wa Bukavu? Hao lugha wanayoweza kujitetea nayo mbele ya ofisa ni Kiswahili, na haki yao imefungiwa katika lugha nyingine tatu.

Basi nitasema mimi kwa Kiswahili. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao Rwanda imeuridhia, unamtambua kuwa mkimbizi mtu anayekimbia vita na vurugu zinazovuruga amani ya nchi yake. Halazimiki kuthibitisha kwamba bomu lilikuwa limeandikwa jina lake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23, Kigali inakanusha. Mama wa godoro si kazi yake kuamua kesi hiyo ndipo apewe mahali pa kulala. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 nao unakataza kumwadhibu aliyeingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kukawia na aeleze sababu. Ajitokeze! Aende ofisi ya uhamiaji, au kwa kiongozi wa eneo aliye karibu, atamke yale maneno mawili, aandikishwe. Wengi watapitia kituo cha Nkamira, kwenye barabara ya Musanze, kabla ya kupelekwa kambini. Atakayekataliwa adai sababu kwa maandishi na akate rufaa mapema, maana siku zinahesabiwa.

Na ninyi madalali mnaouza "nafasi ya Marekani" kwenye vijiwe vya chai, laana ni yenu. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi na si haki ya kudai. Ni nafasi ya wachache. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa safari waliachwa na mabegi yao. Mkimbizi akikupa dola hamsini leo, unamuuzia nini? Hewa.

Ninyi wenye ofisi, sina ombi kubwa kwenu. Ubao mmoja Petite Barrière, mwingine Grande Barrière, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, herufi zinazosomeka na mtu aliyebeba godoro kichwani: "Umekimbia vita? Jetoni haitakulinda. Sema: naomba hifadhi. Ni bure." Rangi mkikosa, niiteni, nitanunua mwenyewe.