Kufuli la Bologonja ni la nini?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Juzi nikinunua madaftari Kariakoo, nilikutana na kijana wa Nairobi aliyekuja kutembea. Alikuwa Masai Mara. Ili aingie Serengeti iliyo ng'ambo tu, ilimbidi azunguke hadi Sirari.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Lakini watalii bado hawaruhusiwi kupita Bologonja. Nyumbu wanapita!

Najua hofu iliyopo: watalii watalala kwao, sisi tuachiwe vumbi. Ni hofu ya haki. Lakini dawa yake ni ada, siyo kufuli. Wahusika watueleze.

Mwalimu wa Kijijini,
Dar es Salaam.