Mkanda wa Mashine ya Kusaga Ukiteleza
Mkanda ukilia na kutoa harufu ya mpira unaoungua, msiupake grisi wala sabuni. Mtauua, na akina mama watarudi na mahindi yao mazima. Zimeni injini kwanza, mngoje puli zisimame kabisa. Mkanda wenye umbo la V hushika kwa ubavu, si kwa tumbo. Ikiwa umelika hata unagusa chini ya mfereji wa puli, ubadilisheni. Ukiwa ungali mzima, futeni mafuta yaliyoingia, nyosheni uzi kwenye nyuso za puli mbili mhakikishe zimelingana, ndipo mkaze. Mkanda mpya hulegea upesi. Ukazwe tena baada ya siku chache. Kinga ya mkanda irudishwe kabla ya injini kuwashwa: vidole havina vipuri.