Simu za Guangzhou: nani mdhamini wa kilichomo ndani?

Leo naomba tuzungumzie kitufe kimoja kidogo. Kitufe hicho hutokea kwenye simu bila hodi, kikasema kuna toleo jipya la mfumo na kukuomba ukubali. Vijana wanaita apdeti, vitabu vinaita sasisho. Wengi wetu tunabonyeza tu na kuendelea na shughuli zetu. Kwa simu iliyotoka kiwandani ikafika mkononi mwako bila kuguswa, hakuna tatizo, tena ndivyo inavyotakiwa. Lakini kwa simu iliyofunguliwa njiani, ikabadilishwa mfumo, kisha ikarudishwa kwenye boksi lake kama mpya, kubonyeza kitufe hicho kunaweza kuigeuza simu ya laki tano kuwa tofali. Na kutokibonyeza kabisa kunakuacha na simu yenye matundu ambayo wezi wa mtandaoni wameshayajua. Ukifanya umekosa, usipofanya umekosa.

Swali langu ni rahisi. Nani alipaswa kumwambia mnunuzi?

Tuanzie mahali ambapo simu nyingi za namna hii huanzia safari. Wenzetu wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo wanaijua Shisanhang, katika wilaya ya Liwan. Leo ni soko la nguo za jumla, lenye msongamano tangu alfajiri. Hatua chache kutoka hapo, kando ya Mto Zhujiang, lipo jengo la Nanfang ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu kama soko la simu na vifaa vya umeme. Mtu anashuka na listi yake, anazunguka vibanda, anapatana bei, anamkabidhi ajenti mzigo, na baada ya muda simu ziko Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, Luthuli Avenue Nairobi, au Darajani Unguja.

Sasa simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China haina duka la programu la Google. Google iliondoa huduma yake ya kutafuta taarifa kutoka China bara mwaka 2010, na duka lake halipo kwenye simu zinazouzwa huko. Lugha zake nyingi ni Kichina na Kiingereza tu, na ndani mna programu ambazo mtu wa Tabora au Kisumu hana kazi nazo. Simu hiyo hiyo ikitengenezwa kwa soko la nje huwa na bei ya juu. Muuzaji afanye nini? Anachukua ile ya bei ya chini, anafungua kufuli la mfumo, anaiflashi romu ya kimataifa au romu ya kuungaunga, anaweka Google, anafunga boksi. Mteja anafurahi kwa sababu amepata kitu kizuri kwa bei nafuu. Mimi sisemi huo ni wizi. Ni biashara, na wakati mwingine ni msaada. Wizi unaanza pale mteja asipoambiwa.

Kwa nini aambiwe? Kwa sababu sasisho halijui huruma. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, sasisho linaloletwa hewani hukagua mfumo uliopo kipande kwa kipande kabla ya kuweka mpya. Likikuta sehemu ya mfumo imeguswa, hata kwa jambo dogo tu, linakataa. Kuanzia Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nazo zilianza kukagua mfumo wake kwa ukali kila zinapowashwa. Zikikuta mfumo uliochezewa huku kufuli limefungwa, zinaweza kugoma kuwaka. Ndiyo maana mtu anabonyeza, simu inajizima, inawaka nusu, inajizima tena, na inaendelea hivyo mpaka betri inakwisha. Wenye simu za Xiaomi za soko la China wanalijua balaa jingine: ukiwa umewekewa romu ya kimataifa, halafu fundi akafunga tena kufuli akidhani anakusaidia, simu inaweza kukuandikia kwamba toleo hilo haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho, na hapo ndipo mwisho wa safari. Na ukijaribu kurudi kwenye toleo la zamani, baadhi ya simu zina kinga ya kuzuia kurudi nyuma, nayo inaweza kuiua kabisa.

Wapo watakaosema, basi dawa ni kutosasisha. Hapana, ndugu zangu. Mwaka 2015 yaligunduliwa matundu ya Stagefright, ambapo ujumbe wa picha tu uliweza kumpa mwizi njia ya kuingia kwenye simu ya Android. Ni baada ya hapo, Agosti 2015, Google ilipoanza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Simu isiyopokea marekebisho hayo inazeeka vibaya. Na simu zetu si za kupigia soga tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Leo mshahara, ada ya watoto na pesa ya matanga vyote vinapita kwenye kiganja. Programu za benki nyingi zinakataa kabisa kufanya kazi kwenye simu iliyorootiwa. Mama wa watu anaambiwa na simu yake kwamba kifaa chake si salama, na yeye hata hajui maana ya kurooti. Hakurooti yeye. Alirootiwa.

Tena kuna ubaya mkubwa zaidi ya tofali. Mtu anayeweza kubadilisha mfumo anaweza pia kuacha kitu ndani yake. Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire ya Marekani ilieleza kwamba programu ya kampuni ya Adups ya Shanghai, iliyokuwa ndani ya simu fulani za BLU zilizouzwa Marekani, ilikuwa ikituma ujumbe wa mtumiaji kwenye seva za China kila baada ya saa 72. Programu hiyo kazi yake ilikuwa nini? Kuleta masasisho! Yaani njia ya dawa ndiyo iliyokuwa njia ya sumu. Mwaka 2019 Google yenyewe ilithibitisha kwamba kirusi cha Triada kilikuwa kimeingizwa kwenye mifumo ya baadhi ya simu kabla hazijafika madukani, kupitia mikono ya watu wa katikati waliopewa kazi na watengenezaji.

Na Afrika hatukupona. Agosti 2020 kampuni ya Upstream na tovuti ya BuzzFeed News walieleza habari za simu za Tecno W2 zilizokutwa na Triada pamoja na kirusi kingine cha xHelper, zikijiunga na huduma za kulipia bila mwenye simu kujua na kula salio lake. Nchi zilizotajwa ni pamoja na Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Upstream ilisema ilizuia miamala milioni 19.2 ya kutiliwa shaka kutoka simu zaidi ya 200,000. Kampuni ya Transsion, mwenye Tecno, ilijibu kwamba tatizo lilitokana na mtu wa katikati katika mnyororo wa ugavi, kwamba lilishatafutiwa ufumbuzi, na wenye simu hizo wapakue sasisho. Angalieni vizuri jibu hilo. Dawa ilikuwa sasisho. Je, yule ambaye simu yake imechezewa kiasi kwamba haipokei sasisho, dawa hiyo ingemfikiaje?

Hapa ndipo naomba turudi Shisanhang, maana jina hilo lina somo. Maana yake ni nyumba kumi na tatu za biashara. Kuanzia mwaka 1757, kwa amri ya mfalme Qianlong, meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara katika bandari ya Guangzhou peke yake, na wazungu walipaswa kupitia wafanyabiashara wa Kichina waliopewa kibali. Mpango huo ulidumu mpaka Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842. Kila meli iliyotia nanga ilitakiwa iwe na mdhamini mmoja kati ya wafanyabiashara hao. Ushuru usipolipwa, mdhamini aliulizwa. Mabaharia wakifanya fujo, mdhamini aliulizwa. Na chai mbovu ilipogundulika London baada ya safari ya miezi mingi baharini, ilirudishwa, na wafanyabiashara wa Shisanhang waliifidia.

Sisemi ule ulikuwa utawala wa malaika. Kulikuwa na rushwa, kulikuwa na kasumba, na wadhamini wengine walifilisika wakapelekwa uhamishoni Ili, mbali kabisa magharibi. Lakini kulikuwa na jina la mtu nyuma ya kila mzigo. Mzee Wu Bingjian, ambaye wazungu walimwita Howqua, alifariki mwaka 1843 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, na mali yake kubwa ilikuwa ni kwamba neno lake lilikubalika. Leo, kwenye mitaa hiyo hiyo, mzigo wa simu mia mbili unaondoka na hakuna hata karatasi moja inayosema nani alifungua kufuli la mfumo, lini, na aliweka nini.

Serikali zetu zimejitahidi upande mmoja. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, na Tanzania kupitia TCRA ilifanya hivyo Juni 2016. Wananchi walijifunza kubonyeza *#06# na kusoma namba ya IMEI. Ni jambo jema. Lakini IMEI inakwambia simu ni ya nani kwa kuzaliwa. Haikwambii imelishwa nini njiani. Simu halali kabisa, yenye namba halali, inaweza kuwa na mfumo uliochakachuliwa. Ni kama kumkagua abiria pasi ya kusafiria na kuuacha mzigo wake upite.

Najua watatokea vijana wa kompyuta waniambie kwamba kurooti ni uhuru. Nakubaliana nao. Simu ni mali yako, na hata Marekani mwaka 2010 Maktaba ya Bunge ilitoa ruhusa rasmi watu wavunje kufuli za simu zao ili waweke programu wanazotaka. Simu nyingi za zamani zilizotelekezwa na watengenezaji zimepata uhai mpya kwa romu za watu wa kujitolea. Lakini uhuru ni wa anayechagua. Kijana anayejua anachofanya ana nakala ya vitu vyake na ana mfumo wa asili pembeni. Akiharibu, anajua pa kuanzia. Bibi aliyeletewa simu na mjukuu aliyeko Guangzhou hakuchagua chochote.

Basi tufanye nini? Kwa mnunuzi, kabla hujatoa pesa, izime simu na uiwashe. Simu nyingi ambazo kufuli lake limefunguliwa huonyesha onyo au alama ya kufuli wazi wakati wa kuwaka. Kisha ingia kwenye duka la Google Play, kwenye mipangilio, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Ni dakika tano tu.

Kama tayari unayo simu iliyochezewa, usibonyeze sasisho kwa mazoea. Kwanza hamisha picha, namba na kila kitu muhimu, kwa sababu kufungua au kufunga kufuli la mfumo hufuta vitu vyote. Pili, jua modeli yako kamili na kama ni ya soko la China au la nje. Jina la kwenye boksi halitoshi. Tatu, tafuta mfumo kamili wa asili wa modeli hiyo kutoka kwa mtengenezaji, urudishwe huo kwanza, ndipo usasishe. Anayetaka kurooti tena atarooti baadaye. Nne, usikubali fundi afunge kufuli wakati ndani mna romu ambayo si ya simu hiyo. Fundi akikwambia atarudisha toleo la zamani, muulize kama simu yako ina kinga ya kurudi nyuma. Akishindwa kujibu, chukua simu yako uondoke.

Kwa wafanyabiashara wetu mlioko Guangzhou, na hapa nasema kwa heshima kwa sababu nyinyi ndio mnaolisha maduka ya nyumbani, ombi langu ni mstari mmoja tu kwenye risiti: mfumo ni wa asili au umebadilishwa, na kama umebadilishwa, mwenye simu asasishe vipi. Mwambieni na mwenye kibanda aandike hivyo hivyo kwenye risiti yake kwenu. Akikataa kuandika, hiyo tayari ni habari. Bei ya simu iliyobadilishwa iwe chini na ijulikane kwa nini iko chini. Mtapoteza wateja wachache leo, lakini mtabaki na wale wanaorudi.

Na kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na wenzao wa Uganda: mlishatufundisha kukagua namba. Sasa tufundisheni kukagua mfumo, na muuzaji anayeficha kwamba simu imebadilishwa achukuliwe sawasawa na anayeuza bidhaa feki. Kama mfanyabiashara wa Shisanhang aliweza kuwajibika kwa chai iliyovuka bahari miezi mingi, sioni kwa nini muuzaji wa leo, ambaye namba yake iko kwenye simu yako, ashindwe kuwajibika kwa alichokiweka ndani yake.