Upya wa Hoteli Usiwe Kisingizio

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, miaka 43 baada ya TANU kupitisha uamuzi wa kuufanya mji huo kuwa Makao Makuu ya nchi, hoteli na nyumba za kulala wageni zimekuwa zikijengwa huko kila upande. Hilo ni jambo la kupongezwa. Makao Makuu hayawezi kuwa ofisi tupu. Lazima pawe na mahali pa kulala wale wanaokuja kufanya kazi katika ofisi hizo. Treni ya umeme nayo, tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imewaongeza wasafiri. Wengi wao si watalii. Ni walimu wakuu walioitwa kwenye mafunzo, wahasibu wa halmashauri waliobeba vitabu vya hesabu, maafisa elimu, wauguzi na makarani, ambao gharama ya chumba chao hutoka katika posho ya kujikimu, yaani katika mfuko wa umma.

Kwa sababu hiyo, namna hoteli hizi mpya zinavyopokea malalamiko ya wageni kuhusu vyumba si jambo dogo la starehe. Ni jambo la fedha ya wananchi na la kazi ya wananchi. Afisa aliyekesha akikinga maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hawezi kutegemewa kuona makosa katika taarifa anayotakiwa kuipitia asubuhi.

Na malalamiko yapo. Mgeni hufika jioni, hulipa, hupewa ufunguo, hupanda ghorofani. Rangi bado inanuka kiasi cha kuumiza kichwa. Kitasa hakifungi mpaka mlango usukumwe kwa bega. Hita ya bafuni imefungwa ukutani, inang'aa, lakini haikuunganishwa na umeme. Mgeni anashuka kueleza, naye binti wa mapokezi anamjibu kwa adabu zote: “Samahani sana mama, hoteli yetu bado ni mpya, mtuvumilie.” Mama anapanda tena ngazi, na jambo limekwisha hapo.

Jibu hilo limekuwa kama wimbo. Limesikika Dodoma, limesikika Arusha na Mwanza, na mahali kwingine pengi ambako majengo mapya yamefunguliwa kwa haraka. Kwa juu juu lina sauti ya unyenyekevu. Likichunguzwa, halina kitu ndani yake. Upya wa hoteli ni habari ya mwenye hoteli, wala si ya mgeni. Hakuna hoteli ambayo imepata kumwambia mgeni kwamba kwa kuwa ni mpya basi atalipa nusu ya bei mpaka mabomba yatakapozoea kazi. Bei huwa kamili tangu siku ya kwanza. Bei ikiwa kamili, haki ya mgeni nayo ni kamili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika baadhi ya hoteli hizi mgeni hupewa jembe siku ile ile aliyofika, akaanza kuhangaika na koki na soketi kama fundi aliyeajiriwa.

Haki inataka isemwe pia kwamba mwenye hoteli mpya ana mzigo wake. Wengi hujenga kwa mkopo, na benki haisubiri rangi ikauke. Kila mwezi jengo linapokaa bila wageni, deni linakua. Basi hufungua ghorofa ya kwanza na ya pili wakati mafundi bado wanagonga nyundo kwenye ya tatu, wakitumaini kwamba mapato ya chini yatamaliza kazi ya juu. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kutaka kulipa deni lake. La kulaumiwa ni kuuficha ukweli huo kwa mgeni mpaka awe amekwisha kulipa.

Hata hoteli iliyomalizika vizuri haiwezi kukosa kasoro katika miezi yake ya mwanzo. Jengo halijulikani mpaka liishi na watu. Mfano ulio wazi ni maji. Mkandarasi anapokabidhi kazi hufungua koki moja, maji yakatoka kwa nguvu, kila mtu akaridhika. Lakini saa 12 asubuhi, vyumba 30 vinapofungua bomba la mvua kwa wakati mmoja, tangi lililo juu ya paa likiwa halikuinuliwa vya kutosha, ghorofa ya juu kabisa hubaki na matone, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na tangi na ndiyo yenye msukumo mdogo kuliko zote. Mgeni wa ghorofa ya chini anaoga vizuri na kusifu hoteli. Wa juu anakwenda kazini na povu masikioni. Ndivyo ilivyo pia kwa bafu ambalo sakafu yake haikuzuiwa maji vizuri: hapaonekani kitu mpaka watu wameoga wiki kadhaa, ndipo doa la rangi ya chai linajitokeza kwenye dari ya chumba cha chini. Jenereta nayo huwekwa mchana, wakati wa kelele za mji, na hakuna anayewaza dirisha la nani liko juu yake mpaka umeme ukatike saa 8 usiku.

Mambo haya hayaonekani katika michoro wala katika ukaguzi wa mchana mmoja. Anayeyaona ni mgeni. Kwa maneno mengine, mgeni wa mwanzo anayelalamika ni mkaguzi, na ni mkaguzi wa ajabu, maana hadai ujira bali yeye ndiye anayelipa. Waswahili wanaposema mgeni njoo mwenyeji apone, mara nyingi husemwa kwa ajili ya kuku atakayechinjwa; katika biashara ya hoteli neno hilo lina ukweli mwingine ambao wenye hoteli wengi hawajauona.

Ukweli huo una thamani ya fedha taslimu. Watumishi waliowahi kusimamia ujenzi wa madarasa au zahanati wanajua kwamba mkandarasi halipwi yote siku anayokabidhi jengo. Sehemu ya malipo huzuiwa kwa kipindi cha kuangalia kasoro, ambacho aghalabu ni miezi 6 au mwaka 1, na katika kipindi hicho mkandarasi analazimika kurudi na kurekebisha kwa gharama yake. Hoteli binafsi iliyojengwa kwa mkataba wa maana ina kifungu cha namna hiyo. Sasa, kasoro atazijuaje mwenye hoteli ambaye halali humo? Atazijua kwa kinywa cha mgeni, kama kuna mtu mapokezi anayeandika: chumba namba fulani, tarehe fulani, saa fulani, kitu fulani. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miezi 6, ni silaha mkononi mwa mwenye hoteli. Lisipokuwepo, kipindi kinapita, fedha zilizozuiwa zinaachiliwa, mkandarasi anakwenda zake mkoa mwingine, na bomba linaendelea kuvuja kwa gharama ya mwenye jengo. Malalamiko yaliyonyamazishwa kwa neno “mtuvumilie” yanaishia hapo: ni hasara iliyoahirishwa.

Lakini nani aandike? Hapa ndipo kiini cha ugonjwa kilipo. Binti aliye mapokezi ameajiriwa wiki chache kabla ya ufunguzi. Amefundishwa kutabasamu, kupokea fedha na kutoa stakabadhi. Hakupewa madaraka ya jambo jingine lolote. Hawezi kumhamisha mgeni chumba mpaka ampigie simu meneja; meneja hawezi kupunguza bei mpaka ampigie mwenye mali; mwenye mali yuko Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Mgeni aliyekasirika humwona yule binti peke yake, akammalizia hasira zote. Kesho yake mwenye mali akisikia kwamba mgeni aliondoka amenuna, humkaripia binti huyo huyo. Mtu aliyewekwa katikati ya mawe mawili ya namna hiyo hujifunza haraka kwamba usalama wake ni kutoona, kutosikia na kutoandika.

Mwaka 1970 vijana wa TANU waliendesha mjadala mkali magazetini kuhusu utalii na ujamaa. Hofu mojawapo ilikuwa kwamba biashara ya kuwahudumia wageni ingelea taifa la watu wa kuinama na kusema ndiyo bwana. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila dawa yake haikuwa kumfanya mhudumu awe mkavu kwa mgeni, kama ilivyotokea katika hoteli kadhaa za miaka iliyofuata, ambako mteja aliyeuliza chai yake iko wapi aliangaliwa kana kwamba ameomba sadaka. Mhudumu huwa mtumwa pale anapotakiwa kuomba radhi asubuhi hadi jioni kwa makosa asiyoweza kuyarekebisha. Mpe uwezo wa kurekebisha, naye anakuwa mfanyakazi mwenye heshima yake.

Uwezo huo si mkubwa wala si wa gharama. Hoteli mpya ikubali kuacha vyumba viwili au vitatu bila wageni katika miezi yake ya kwanza, na ufunguo wake uwe mapokezi, ili mgeni mwenye chumba kibovu ahamishwe hapo hapo bila simu ya Dar es Salaam. Mhudumu anapopokea lalamiko apande akaone kwa macho yake, maana mgeni aliyesindikizwa hadi chumbani huwa amekwisha kupoa nusu. Asiseme fundi anakuja. Aseme fundi anakuja saa ngapi, na saa hiyo ikifika bila fundi, arudi kusema hivyo kabla hajaulizwa. Pasipo na chumba kingine, meneja wa zamu awe na ruhusa ya kupunguza kiasi cha bei kwa kiwango kilichowekwa mapema. Na mgeni aelezwe ukweli kabla hajalipa: ghorofa ya tatu bado inajengwa, nyundo huanza saa 2 asubuhi. Wengine wataondoka. Watakaobaki hawatalalamika juu ya nyundo.

Upande wa mgeni nao una lawama zake. Wako watumishi wanaolala katika chumba kibovu siku tano bila kusema neno, kwa kuwa posho si fedha iliyotoka kwenye shamba lake la mahindi, na kinachotakiwa ni stakabadhi ya mashine tu ili masurufu yarejeshwe bila hoja. Huo si uvumilivu. Ni kulipia kwa fedha ya umma kitu ambacho umma haukupewa, na ni kumwachia mwenzake wa wiki ijayo kitasa kile kile. Wengine hukaa kimya hotelini, kisha wakifika nyumbani huandika kwenye intaneti maneno ambayo meneja angeyashukuru kama angeambiwa usiku ule.

Kuna na wa aina ya pili, ambaye hanyamazi kabisa. Huyu hugonga meza ya mapokezi na kuuliza kama anajulikana yeye ni nani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau za viongozi kwa watu, na haukusamehe dharau zinazofanywa mbele ya kaunta ya hoteli. Afisa anayemtukana binti wa mapokezi kwa sababu ya hita hapati maji ya moto. Anachopata ni chumba cha mtu mwingine aliyetolewa kwa ajili ya cheo chake. Hilo nalo humfundisha mwenye hoteli somo baya, kwamba malalamiko hupimwa kwa ukubwa wa mlalamikaji. Mwalimu wa shule ya msingi na mkurugenzi wa wizara wakilipa bei moja, maji yao yawe ya moto mamoja.

Vyombo vya dola havikosi la kufanya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa huduma, na chumba kilichotangazwa kuwa na maji ya moto wakati hita haikuunganishwa hakihitaji mwanasheria mkubwa kukieleza. Nchi za Afrika Mashariki nazo zimekubaliana juu ya vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli katika madaraja ya nyota. Vigezo ni vizuri, lakini huhesabu vitu: kitanda kipo, simu ipo, hita ipo. Mkaguzi anayerudi baada ya miezi 3 na kuomba kuona daftari la malalamiko, akasoma lalamiko la ukurasa wa kwanza na kwenda kufungua koki iliyotajwa, atajua mengi kuliko aliyehesabu mito. Haja ya ukaguzi wa namna hiyo ni kubwa zaidi baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kupewa mwaka 2023 uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, heshima ambayo imewapa wenye mitaji sababu nyingine ya kujenga haraka.

Wenye hoteli za Dodoma hawana sababu ya kungojea mpira. Bunge la Bajeti huanza mwezi Aprili, na anayekusudia kufungua milango yake wakati huo ili avune msimu, ana kazi moja ya kufanya kabla ya kuning'iniza kibao. Alale mwenyewe katika hoteli yake, chumba hiki leo na kile kesho, akianzia ghorofa ya juu kabisa. Awaite jamaa na wafanyakazi wajaze vyumba usiku mmoja, na saa 12 asubuhi wote wafungue maji kwa pamoja. Yatakayosemwa mezani wakati wa chai ndiyo yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na mkandarasi aitwe siku hiyo hiyo.