Maradhi ya Vita vya Ghuba Si Mawazo

Maradhi ya Vita vya Ghuba ni mkusanyiko wa dalili sugu zilizowapata askari waliopelekwa kupambana na Iraki mwaka 1990 na 1991: uchovu usioondoka hata baada ya usingizi, maumivu ya misuli na viungo, kichwa kuuma, kusahausahau, vipele na tumbo kuvurugika. Marekani pekee ilipeleka karibu askari 700,000, na takriban mmoja kati ya kila wanne aliugua. Kwa miaka mingi wengi wao wameambiwa kwamba vipimo havioneshi kitu, hivyo kinachowasumbua ni msongo wa mawazo. Imani hiyo ni potofu, na imewaumiza wagonjwa mara ya pili.

Vita vyenyewe vinaikanusha. Mapigano ya nchi kavu yalidumu saa 100 tu, na askari wengi hawakurusha hata risasi moja. Kama hofu ndiyo ingekuwa chanzo, waliopigana Vietnam wangeugua hivi kwa wingi zaidi.

Kilichoitofautisha Ghuba ni sumu. Askari walimezeshwa vidonge vya piridostigmini, miligramu 30 kila baada ya saa 8, kama kinga dhidi ya gesi ya neva. Kambi zilipuliziwa dawa za kuua wadudu, na baadhi ya askari walijivika mikanda ya kuua viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Machi 1991, wanajeshi wa Marekani walilipua ghala la silaha la Khamisiyah, kusini mwa Iraki, lililokuwa na roketi zenye gesi ya neva ya sarini. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Pentagon, ilikiri jambo hilo mwaka 1996.

Piridostigmini, sarini na baadhi ya dawa hizo za wadudu hushambulia mahali pamoja: huzuia kimeng'enya kinachosafisha kemikali ya kupitishia ujumbe kati ya neva na msuli. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, neva huchochewa kupita kiasi.

Ushahidi haukosekani. Mwaka 2008, kamati ya watafiti iliyoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani ilihitimisha kwamba maradhi haya ni ya kweli, ikayahusisha na vidonge hivyo na dawa za wadudu, na kukataa kwamba yanatokana na msongo wa mawazo. Mwaka 2022, mtafiti Robert Haley na wenzake wa Texas walionesha kwamba askari waliosikia ving'ora vya gesi ya neva walikuwa katika hatari kubwa zaidi pale jeni yao ya PON1, inayosaidia mwili kuivunja sarini, ilipokuwa ya aina dhaifu.

Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuwa na huzuni, lakini huzuni hiyo ni tunda la maradhi, si mzizi wake. Kipimo cha kawaida kisichoona kitu kinathibitisha udogo wa kipimo, hakithibitishi uzima wa mtu. Daktari anayempokea askari wa aina hii na amuulize alihudumu wapi na alimeza nini, kisha amtibu kama mgonjwa. Na serikali iliyompa vidonge hivyo igharamie matibabu yake.