Namba si ushahidi jamani!

Haya washkaji, najua nimepotea wiki mbili, lawama nimezipokea. Insha zilinibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mwenye haraka apite tu.

Hapa chuoni, kaskazini ya Uingereza, somo letu la historia ya wafanyakazi linatumia sana picha za zamani za reli. Juzi kwenye semina mwenzetu mmoja katuonyesha picha: wanaume watano wamesimama mbele ya kichwa cha treni, nguo zimejaa masizi. Akasema ni Mei 1926, wakati wa Mgomo Mkuu, na hao ni wagomaji. Ushahidi? Nyuma ya picha kuna maandishi ya penseli, tena eti programu ya akili mnemba kwenye simu yake "imethibitisha".

Mi nikatazama kichwa chenyewe. Black Five! Klasi hiyo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1934. Sasa hao watano waligomaje mbele ya kichwa ambacho hakijazaliwa? Nikasema. Jibu nililopata: namba haionekani, bwana mmoja kaiziba kwa bega, kwa hiyo huwezi kujua. Halafu akamalizia, "treni ni treni tu."

Hapo ndipo nilipochemka. Kwanza, nani kakudanganya kwamba namba ndiyo ukweli? Mwaka 1933 Waingereza walipeleka Royal Scot, namba 6100, kwenye maonyesho ya Chicago. Kilichopanda meli kilikuwa 6152, kimebandikwa jina na namba ya mwenzake, na hawakurudishiana tena! Mwaka 1939 wakarudia mchezo: Coronation, namba 6220, iliyokwenda Marekani ilikuwa Duchess of Hamilton, namba 6229. Vita ikaikuta huko, ikarudi 1942. Na hata pasipo ujanja, Flying Scotsman peke yake imevaa 1472, 4472, 502, 103 na 60103. Namba ni shati, ndugu zangu. Linabadilishwa.

Mwili ndio unaosema. Hesabu magurudumu kwa upande mmoja: mawili madogo mbele, matatu makubwa, nyuma hakuna kitu. Hiyo ni 4-6-0. Bado hujamaliza, maana Hall za Great Western nazo ni hivyo hivyo, na zinafanana na Black Five kama ndugu. Si ajabu, Stanier aliyebuni Black Five alitoka Swindon, kwenye karakana kuu ya Great Western, akahamia LMS mwaka 1932. Basi shuka macho hadi kwenye magurudumu. Black Five ina vile vyuma vya kuendesha vali, vinavyopishana nje, unaviona waziwazi. Kwenye Hall vimefichwa ndani, nje unabaki na fito chache tu. Na Jubilee je, ya Stanier huyo huyo? Gurudumu lake kubwa lina futi 6 na inchi 9, la Black Five futi 6 kamili. Kwenye picha yetu jamaa mmoja kasimama sambamba kabisa na gurudumu, na kofia yake inalipita kidogo. Angekuwa kando ya Jubilee angekuwa jitu! Wala sikuhitaji namba.

Mnaodhani haya ni mambo ya Wazungu wenye chupa za chai pembeni ya reli, subirini. Garratt za klasi ya 59, zile 34 zilizokuja kwetu Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, zilitengenezwa na Beyer Peacock hapo Manchester. LMS nayo ilikuwa na Garratt zake 33 kutoka kiwanda hicho hicho. Mvivu ataona picha ya Garratt nje ya kiwanda, ataandika "LMS", na Mount Gelai yetu imeshageuzwa Mwingereza. Wakati kuhesabu tu kunatosha: ya LMS ni 2-6-0+0-6-2, yetu ni 4-8-2+2-8-4.

Kilichoniuma zaidi ni wale watano. Waliogoma 1926 wengine walilipa kwa kazi zao, na wana haki ya kukumbukwa kwa sura zao wenyewe. Hawa wa kwenye picha nao wana wajukuu mahali fulani, pengine mtaa wa pili kutoka hapa, na tunawabebesha mgomo ambao labda walikuwa bado wako shule ya msingi. Kisha maelezo hayo yananakiliwa, mashine nyingine inayasoma, kesho nayo "inathibitisha".

Jumatatu nampelekea mwalimu nusu ukurasa, nimechora na magurudumu kwa kalamu nyekundu. Mwenzangu naye kasema atakuja na programu yake. Sawa, aje nayo.